Kilo Kumi na Mbili za Wifi Yangu

Mimi ni fundi cherehani, na mwili wa wifi yangu naujua kuliko anavyoujua mwenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili nimemshonea magauni ya kazini, na kila mwaka nimefumua na kuachia. Sisi mafundi tuna ujanja wetu. Mteja tunayemwona ananenepa, kitambaa chake cha ziada hatukikati, tunakikunja ndani ya mshono, vidole viwili huku na viwili huku, ili mwakani akija analalamika gauni limembana, tumwachie bila kununua kitambaa kingine. Tunaita akiba. Magauni ya wifi yalikuwa na akiba kuliko ya mteja yeyote, na yote ilikuwa imekwisha.

Ni dada mkubwa wa mume wangu, mpishi mkuu wa shule yenye wanafunzi mia sita. Watoto walimpa jina la Bi Upawa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona jikoni bila upawa mkononi. Nilimtania sana. Akija kwangu namwambia, "Wifi, ingia ubavu ubavu, fremu ya mlango bado mpya." Naye hujibu kwamba mimi nikisimama ubavu sionekani kabisa. Ndivyo tulivyoishi, tukichomana kwa maneno na kucheka, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja unene wake ungekuwa jambo la kufa na kupona nyumbani kwangu.

Siku hiyo ilifika mume wangu alipoharibikiwa figo zote mbili. Ni fundi redio, mtu mpole, hapigi kelele hata akijikata. Mara tatu kwa wiki alikuwa analala kitandani hospitali saa nne nzima, damu ikitoka mkononi, ikipita kwenye mashine na kurudi. Mshipa wa mkono wa kushoto waliomtengenezea kwa ajili ya mashine ulikwisha ziba. Wa kulia nao uliziba mara moja, wakauzibua kwa taabu. Tulihitaji figo ya ndugu. Mimi nilipimwa, damu yangu na yake hazikuelewana. Wifi akapimwa, zikaelewana vizuri mno. Nikapiga vigelegele kwenye korido ya hospitali mpaka muuguzi akaninyamazisha.

Nilishangilia mapema. Wiki iliyofuata daktari alituita wote wawili chumbani kwake. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa kumzidi kidogo tu binti yangu mkubwa, anaongea taratibu, na kila neno analipa nafasi yake.

"Figo zako ni nzuri, mama," alimwambia wifi. "Moyo mzuri, sukari haina neno. Lakini una miaka hamsini na moja, una kilo tisini na mbili, na presha imeanza kupanda. Nikikutoa figo moja, ile itakayobaki itaubeba mwili huu peke yake. Baada ya miaka kumi nitakuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja. Rudi ukiwa na kilo themanini, na presha imetulia. Hapo tutaongea."

"Kilo kumi na mbili," nikadakia mimi. "Wiki ngapi hizo?"

"Nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo moja. Kwa chakula na mazoezi, si kwa kitu kingine. Hesabu miezi mitano."

"Na mgonjwa wangu anayo hiyo miezi mitano?"

Daktari aliniangalia. "Sijui, mama. Mshipa wake ukiziba tena, itakuwa kazi. Ninachojua ni kwamba huyu akikimbilia, nikapima damu nikakuta figo zake zimeyumba, sitampasua kabisa. Afya yake siwezi kuiuza." Kisha akanionyesha mlango kwa mkono. "Sasa naomba utoke. Nataka kuongea naye peke yake."

Nikatoka nimenuna. Nilikaa kwenye benchi la nje robo saa, nasikia sauti, sisikii maneno. Wifi alipotoka nikamuuliza walikuwa wanaongea nini.

"Mambo ya chumvi," akajibu, akatangulia kushuka ngazi.

Kuanzia siku hiyo nikawa askari. Wifi ni mjane, watoto wake wana miji yao, na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa hiyo nilimwambia jioni zote atakula kwetu. Nilimpakulia mwenyewe: nusu sahani mboga za majani, kipande cha samaki, kiazi kimoja. Sukari ya chai nikaificha. Kila Jumamosi nilimsimamisha mbele ya kioo changu cha wateja, nikamzungushia futi ya kupimia, kifua, kiuno, nyonga, nikaandika kwenye daftari la vipimo. Alikuwa anasimama mikono juu, kimya, anaangalia ukuta. Hakulalamika hata mara moja, na huo ukimya ulinipandisha hasira kuliko ambavyo angelalamika.

Wiki ya kwanza kiuno kilipungua nusu inchi. Wiki ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Ya tano nikampeleka kwenye mizani ya kliniki, ikasoma tisini na moja. Kilo moja kwa wiki tano! Na wiki hiyohiyo mume wangu alirudi kutoka kwenye mashine uso umekuwa wa majivu, akaniambia mshipa ulikuwa unasuasua, mashine imelia mara tatu. Nililala chali usiku ule nikipiga hesabu, na kila nilivyoipiga wifi yangu alikuwa anafika themanini mimi nikiwa mjane.

Nikaamua kwamba anakula kwa siri. Samahani, lakini ndivyo nilivyoamini. Asubuhi ya Jumatatu nilifunga duka langu, nikaenda shuleni kwake bila taarifa, nikasimama kwenye dirisha la jikoni linalotazama stoo ya kuni.

Ndani kulikuwa na masufuria manne, kila moja mtoto mdogo angeweza kuogea humo. Uji, maharage, wali, kabichi. Wifi alikuwa anazunguka kati yake na upawa wake. Akachota uji, akapuliza, akamimina kiganjani, akanywa. Akafikiri. Akaongeza sukari, akachota tena. Akaenda kwenye maharage, akachota upawa mzima, akatafuna kujua kama yameiva katikati. Akaongeza chumvi, akaonja. Mafuta ya kabichi, akaonja. Akarudi kwenye uji. Hakuwa anaiba, hakuwa anajificha, na nina hakika hata hakuwa anajua kwamba anakula. Nilihesabu. Mpaka kengele ya mapumziko inalia alikuwa ameonja mara ishirini na saba, na nusu yake ilikuwa upawa mzima. Kisha akakaa kwenye kigoda, akafungua kibakuli chake cha matango, akala kwa utii chakula cha mgonjwa juu ya milo miwili aliyokwisha meza akiwa amesimama.

Mtu mwenye akili angemwita pembeni. Mimi niliingia jikoni kwa mlango wa mbele, mbele ya wapishi wenzake wanne.

"Unamla ndugu yako!" nikapiga kelele. "Unamla kwa upawa, kidogo kidogo, na mimi nakaa nyumbani nakupikia mboga!"

Wapishi wote wakageuka, maharage yanatokota. Wifi aliutazama upawa mkononi mwake muda mrefu. Uso wake uliporomoka, nami nikaona kwamba ameelewa, na kwamba neno langu limemchoma mahali ambapo utani wangu wa miaka yote haukuwahi kufika.

"Sikujua kama ni kula," akasema. "Wallahi sikujua. Miaka ishirini na sita naonja."

Siku hiyohiyo aliutundika upawa ukutani. Akatafuta kijiko cha chai, akajiwekea sheria: kila sufuria mara mbili, ncha ya ulimi, basi. Uji akamwachia mpishi wa pili. Wapishi walinieleza baadaye kwamba wiki ile chakula kilizidi chumvi siku mbili na walimu wakanung'unika, naye akawajibu wavumilie. Jumamosi iliyofuata kiuno kilikuwa kimepungua inchi moja kamili. Dawa ilikuwa imepatikana. Kama ningekaa kimya na futi yangu, mambo yangekwenda.

Sikukaa kimya. Mteja wangu mmoja alinisifia majani fulani ya kuchemsha, anayauza mwanamke wa sokoni. Alisema dada yake amepungua mpaka pete zinamdondoka. Nikanunua pakiti mbili. Nikampelekea wifi, nikamwambia anywe asubuhi na jioni, na chakula cha usiku aache kabisa.

Aliigeuza pakiti mkononi. "Daktari alisema chakula na mazoezi tu."

"Daktari haji kumzika mume wangu," nikamjibu.

Akayanywa. Jamani, alipungua! Kilo tano kwa siku kumi na nne. Nilikuwa nazungusha futi huku naimba. Macho yake yaliingia ndani, midomo ilimkauka, alikuwa anakwenda chooni mara sita kwa siku, nami naona inchi tu.

Siku ya kumi na tano alianguka jikoni. Alikuwa anageuza maharage, magoti yakaisha nguvu, na kama mpishi wa pili asingemdaka mshipi wa aproni, angetumbukia usoni kwenye sufuria linalochemka. Nilimkuta hospitali na mpira wa maji mkononi, misuli ya miguu inamruka yenyewe chini ya shuka.

Daktari alikuja na majibu ya damu. Sikuwahi kumwona amekasirika, na hata hapo hakupandisha sauti.

"Mwili umekauka maji. Chumvi za mwilini zimeshuka kiasi cha kuusimamisha moyo. Na figo, zile figo nzuri nilizokusifia, zimechoka. Umekunywa nini?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilifungua mdomo.

"Majani," wifi akasema kabla yangu. "Niliyanunua mwenyewe sokoni. Nilitaka kuwahi."

Nami nikanyamaza. Mpaka leo naona aibu. Niliogopa daktari akijua ni mimi atanifungia mlango, na mume wangu atafia upande huu wa mlango. Basi nikamwacha mwanamke mwenye mpira mkononi abebe na hilo pia.

"Sijui kama zitarudi sawa," daktari alisema. "Nitapima baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi. Nikiona hazijarudi, suala la kutoa figo limekwisha."

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu kila kitu. Alikuwa amekaa na redio ya mtu mapajani, matumbo yote ya redio nje. Hakuniangalia nilipokuwa naongea. Nilipomaliza akaweka bisibisi chini.

"Yule alinibeba mgongoni mama alipokuwa anaumwa," akasema. "Alikuwa mtoto mwenyewe. Ukimfanyia tena kitu kama hiki, figo siitaki. Nitakwenda kaburini mikono mitupu."

"Nisamehe."

"Sitaki samahani. Umemwangalia vya kutosha, kama mlinzi wa jela. Acha kumwangalia. Kula anachokula, tembea anapotembea."

Kwa hiyo nikatembea. Wifi alipopata nguvu tukaanza, saa kumi na mbili asubuhi, kuuzunguka ukuta wa shule kabla hajaingia jikoni. Daktari alisema dakika kumi na tano kwa kuanzia, mwendo wa mtu anayeweza kuongea lakini hawezi kuimba. Nilidhani mimi mwembamba ningekuwa nyota. Mzunguko wa kwanza nilishika mbavu, natweta. Yeye ambaye ameinua masufuria maisha yake yote alikuwa ananisubiri kwenye kona.

"Wifi," akasema, "mbona ubavu ubavu?"

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitania tangu nimpigie kelele jikoni. Nilitaka kulia, pumzi ikakosekana.

Majibu ya wiki ya pili: figo zimeanza kurudi. Ya mwezi: zimerudi, lakini daktari akataka aone miezi mitatu mfululizo ndipo aamini. Kilo nne kati ya zile tano zilikuwa zimerudi pia, maana zilikuwa maji tu. Tukaanza upya kwenye themanini na tisa. Asubuhi mayai na chai isiyo na sukari. Mchana sahani ndogo, ile ya watoto wa darasa la kwanza, nusu yake mboga. Mafuta anapima kwa kijiko. Usiku anakula, ndiyo, anakula, kidogo na mapema. Dakika kumi na tano zikawa thelathini, zikawa arobaini na tano. Mara tatu kwa wiki tulikaa na kusimama kwenye kiti cha jikoni bila kushika popote, mara kumi, tunapumzika, mara kumi tena, kisha tunanyanyua chupa za maji, maana daktari alisema kwa umri wetu mtu akipungua bila kutumia misuli, misuli ndiyo inayoondoka kwanza. Magoti yangu yalikuwa yanalia kama bawaba kavu.

Nusu kilo. Nusu kilo. Wiki moja hakuna kitu, ikafuata robo tatu. Na kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mume wangu alikuwa anakwenda kwenye mashine, nami nakaa dukani nashona mishono iliyopinda, nasubiri simu. Mwezi wa tatu simu ikaja. Mshipa umeziba. Walimweka mrija shingoni, na daktari wa mashine akaniambia mrija wa shingoni ni wa kuazima, wadudu wakiingia ni balaa. Asubuhi iliyofuata nilimkuta wifi ukutani saa kumi na moja na nusu, ameanza kutembea peke yake, anakwenda kasi, karibu anakimbia, machozi yanamtoka.

"Punguza," nikamwambia. Nilimshika mkono, mimi niliyemnywesha majani. "Mwendo wa kuongea, wifi. Tafadhali. Punguza."

Akapunguza. Tukazunguka ukuta ule tumeshikana mikono mpaka jua likatoka.

Ilituchukua miezi mitano na nusu tangu aanguke. Siku ya mwisho mizani ilisoma sabini na tisa na nusu. Presha safi, damu safi. Nilikuwa nimeanza kufunga mdomo nisipige vigelegele daktari aliponigeukia.

"Wewe toka. Nataka kuongea naye peke yake."

Benchi lilelile. Safari hii alikaa karibu yangu mzee mmoja ambaye mwanawe pia alikuwa anasubiri figo. Nikamuuliza huwa wanaongea nini humo.

"Wanamuuliza mtoaji kama kuna mtu anamlazimisha," akasema. "Akijibu ndiyo, imekwisha. Hawapasui."

Kuna mtu anamlazimisha? Nilikuwepo mimi, na futi yangu, na daftari langu, na kelele zangu mbele ya wapishi wenzake. Nilikuwepo na pakiti mbili za majani. Angesema ukweli mtupu, na mume wangu angebaki na mrija wa kuazima shingoni, na nisingekuwa na wa kumlaumu. Dakika kumi. Ishirini. Nusu saa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama.

Mlango ukafunguka. Wifi akaja akakaa palepale penye nafasi ya mzee aliyekuwa ameitwa, na nafasi ilimtosha.

"Tarehe kumi na nne," akasema. "Tunalazwa siku moja kabla, mimi na mdogo wangu."

Nikamshika goti.

"Kaniuliza kama kuna anayenilazimisha," akaendelea. "Halafu akasema hivi: mama, kama hutaki, niambie mimi tu. Nitatoka nje niwaambie nduguzo kwamba vipimo havikukubali. Hakuna atakayejua, si wifi yako, si mdogo wako, mpaka unaingia kaburini."

"Ukamjibuje?"

"Nimemjibu nilivyomjibu siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza?"

"Ile uliyokaa hapa umenuna. Maneno haya haya aliniambia siku ile. Na nilipolazwa, ulipokwenda kuninunulia maji, akanirudia tena."

Nilimtazama. "Ukaniambia mambo ya chumvi."

"Ningekuambia kwamba naweza kukataa wakati wowote na usijue, ungelala?"

Nisingelala. Nilihesabu kurudi nyuma, Jumamosi kwa Jumamosi, mikono yake juu mbele ya kioo changu, macho ukutani. Neno moja tu kwa daktari, angekwenda zake nyumbani akaonja maharage yake kwa upawa mzima, na mimi ningemhurumia kwa vipimo kukataa. Mlango ulikuwa wazi miezi yote ile niliyodhani nimeushikilia mimi.

"Kuhusu majani," nikaanza, "nitamwambia daktari leo—"

"Utamwambia. Lakini kwanza futa kamasi, mume wako anatoka kwenye mashine saa nane, asikuone hivyo." Akasimama, akavuta gauni lake kiunoni, likaja mbele ngumi mbili nzima. "Na hili linanivuka. Nipunguzie kabla ya tarehe kumi na nne. Kitambaa kitakachoingia ndani kikate, usiache akiba."

Futi ilikuwa mkobani. Niliitoa nikamzungushia palepale koridoni, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi, na mimi fundi wa miaka yote hii nikashindwa kusoma inchi.